Ukungu Katika Nguo za Ngozi

Lugha yetu imeyapa mambo mawili jina moja. Ukungu ni ule uufunikao mlima wa shule yetu asubuhi za mwezi wa Juni, hata mtu asimwone mwenzake aliye upande wa pili wa uwanja. Na ukungu ni ule uotao juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Kwa sisi tukaao nyanda hizi za Njombe, mita 1,900 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mambo hayo mawili ni ndugu hasa, maana wa kwanza ndio uletao wa pili.

Mhariri ameniomba niandike somo moja la sayansi litakalowafaa wanafunzi na wazazi wao vile vile. Nimechagua ukungu uotao juu ya nguo za ngozi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mabwenini mwetu yamo makoti mengi ya ngozi yaliyonunuliwa mitumbani, na kila mwaka mvua zikiisha naona mawili matatu yametupwa jaani. Ya pili, nusura mimi mwenyewe niliharibu koti la marehemu baba yangu, na viatu vyake nalikwisha kuviharibu, ingawa nafundisha Biolojia na Kemia na mshahara naupokea kwa kazi hiyo.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia mahindi Songea akayapeleka Dar es Salaam, akarudi na saruji na mabati. Aijuaye njia ile ajua kwamba ukiondoka pwani jioni na shati moja, ukifika Makambako alfajiri meno yagongana. Basi mwaka 1994 alinunua koti la ngozi nyeusi katika mitumba ya Kariakoo. Bitana yake ilikuwa imechanika vibaya, mama akaitoa yote akashona nyingine kwa mkono, ya kitambaa chekundu cha pamba. Baba alilivaa koti hilo miaka 14. Alipofariki mwaka 2008, mama alilikunja pamoja na viatu vyake vya safari, akavitia katika mfuko wa plastiki, akatia na vidonge vitano vyeupe vya nafthalini, vile vya kufukuzia nondo na mende, akaufunga mfuko kwa kamba, akauweka ndani ya sanduku la bati, na sanduku akalisukuma uvunguni mwa kitanda, juu ya sakafu ya saruji. Yote hayo aliyafanya kwa upendo, na takriban yote yalikuwa makosa, kama nitakavyoeleza.

Mwezi wa Juni mwaka 2022 mdogo wangu alipata leseni ya kuendesha magari makubwa. Mama akasema, "Koti la baba yake na alichukue yeye." Twalifungua sanduku. Koti lilikuwa limeota manyoya ya kijani na kijivu mabegani na katika kola, na uvundo uliotoka ulijaza chumba kizima. Mama alilisogeza puani, akalirudisha sandukuni polepole. Akasema, "Hili si la baba yenu."

Mimi kwa kujiona mtaalamu nalimwambia, "Mama, niachie mimi." Nikaanza na viatu. Nalivitia katika ndoo ya maji ya moto na sabuni ya unga, nikavisugua kwa nguvu, kisha kwa kuwa jua halikuwapo, nikavianika kando ya jiko la mkaa usiku kucha. Asubuhi nilivikuta vimejikunja kama majani ya mgomba yaliyokauka. Ncha zake zilikuwa ngumu kama ubao, na nilipojaribu kukinyosha kimoja kilipasuka. Mama alivitazama, kisha akanitazama mimi. Akaniambia, "Mwanangu, koti usiliguse mpaka ujue unalolifanya." Ndipo nilipokwenda kusoma.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi ya mnyama imefanyizwa hasa kwa protini iitwayo kolajeni, ambayo nyuzi zake zimesukana pande zote. Ngozi mbichi ikilowa huoza, na ikikauka huwa ngumu. Watengenezaji huiloweka katika dawa zishikamanazo na nyuzi hizo, isioze tena. Dawa ya tangu zamani ni tanini, itokayo katika magome ya miti. Mwanafunzi wa Njombe hana haja ya kwenda mbali kuiona: miwati, miti yenye asili ya Australia, ilipandwa huku kwa wingi kwa ajili ya tanini iliyomo katika magome yake, na Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilianzishwa hapa mwaka 1949 kwa kazi hiyo. Dawa ya pili ni chumvi za kromi, nazo ndizo zilizotengeneza sehemu kubwa ya makoti ya ngozi tuyavaayo. Baada ya dawa, ngozi hutiwa mafuta ili nyuzi ziteleze zinapopindwa, nayo iwe laini. Shikeni neno hilo la mafuta, maana tutalirudia.

Sasa mtaona nilivyoviua viatu. Ngozi iliyokwisha kutengenezwa ina asidi kidogo. pH yake huwa kama 4 au 5. Sabuni ya unga ya kufulia ni besi, na pH yake hufika 10 hivi. Wanafunzi wa Kidato cha Pili na wachovye karatasi nyekundu ya litmasi katika povu la sabuni waone inavyogeuka buluu. Besi hulegeza kile dawa ilichokifunga, na maji ya moto yenye sabuni huyaondoa mafuta yaliyozilainisha nyuzi. Hayo ni maovu mawili. La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni joto. Kolajeni iliyolowa ikipata joto kali hujikunja, na ikijikunja hairudi. Ngozi ya tanini iliyolowa huanza kunywea kwenye nyuzi 70 na kitu za Selsiasi; ya kromi hustahimili zaidi, karibu na joto la maji yachemkayo; na ngozi kuukuu hunywea mapema kuliko mpya. Kando ya jiko la mkaa joto hilo lapatikana bila taabu. Viatu vya baba havikuharibiwa na ukungu. Ukungu ulivikalia miaka 14 navyo vikabaki viatu. Mimi vilinitosha usiku mmoja.

Tuje kwenye ukungu. Watu wengi huuhesabu kuwa uchafu, lakini ukungu ni kiumbe hai, wa jamii ya kuvu, ndugu wa uyoga. Huzaa kwa mbegu ndogo sana ziitwazo spora, zisizoonekana kwa macho, nazo zimo hewani kila mahali, hata hapo ulipo usomapo maneno haya. Kwenye ngozi mara nyingi huota kuvu wa aina za Penicillium na Aspergillus. Ile ya kwanza ndiyo jamii aliyoiona Alexander Fleming huko London mwaka 1928, ikapatikana penisilini, kwa hiyo tusiwatukane kuvu kupita kiasi. Wao wataka mambo matatu tu: chakula, joto la wastani, na maji. Chakula wakipata katika yale mafuta ya ngozi niliyoyataja, na katika jasho la shingoni, vumbi na matone ya chai. Joto la Njombe, hata la Juni, lawatosha. Jambo la kuwazuia ni maji. Si lazima ngozi imwagiwe maji. Unyevu wa hewa watosha. Hewa ikikaa na unyevu wa asilimia 70 na zaidi kwa siku nyingi mfululizo, spora huamka. Ukishuka chini ya asilimia 60, hulala. Hulala tu, hazifi. Maneno hayo na yakumbukwe.

Sasa lifikirini lile sanduku. Koti lililovaliwa lina unyevu wake, hata likiwa kavu mkononi. Likifungiwa katika plastiki, unyevu huo hauna pa kwenda. (Mifuko ile ya kubebea serikali yetu iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 kwa sababu nyingine, lakini wenye nguo za ngozi nao wana haki ya kushukuru.) Nje ya mfuko kuna bati, na chini ya bati kuna saruji. Usiku bati hupoa upesi, na mvuke uliomo ndani hugeuka matone, kama yale yatiririkayo katika vioo vya madirisha ya bweni asubuhi. Sanduku la bati juu ya sakafu ya saruji hunyeshewa mvua ndogo kila usiku, kwa ndani. Vile vidonge vya nafthalini navyo hufukuza wadudu, lakini havizuii ukungu kuota. Zaidi ya hayo, harufu yake hung'ang'ania nguo, na moshi wake ni hatari kwa watoto wachanga, hasa wale ambao chembe zao nyekundu za damu zina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu ambao si haba katika nchi zenye malaria. Akina mama wanaovitia vidonge hivyo katika nguo za watoto na waache.

Na ule uvundo? Ukungu unapokula hutoa gesi za namna nyingi, na gesi hizo hujipenyeza katika ngozi na zaidi katika bitana. Ile harufu ya udongo tuisikiayo mvua ya kwanza inapolipiga vumbi hutokana kwa sehemu kubwa na kitu kiitwacho jiosmini, kitolewacho na bakteria wa udongoni na kuvu baadhi. Wanasayansi walikipa jina hilo mwaka 1965. Pua ya mtu hukitambua hata kikiwa kidogo mno. Uvundo wa sandukuni ni jamaa wa harufu hiyo, na kwa sababu hiyo kunyunyiza manukato au kutia karafuu mifukoni hakufai kitu. Manukato yatakwisha baada ya siku mbili, na ukungu utaendelea kula na kutoa gesi zake. Hapana budi kwanza kuuondoa mwenye kutoa harufu, kisha ndipo kuishughulikia harufu iliyobaki.

Kabla ya kazi yenyewe, yakini kwamba ulichokiona ni ukungu. Wakati mwingine ngozi hutoa unga mweupe usio na madhara, ambao ni mafuta yake yenyewe yaliyopanda juu na kuganda kwa baridi. Bonyeza unga huo kwa kidole gumba chenye joto kwa muda wa dakika moja. Mafuta yatayeyuka na kunyonywa. Ukungu hautayeyuka, utachafuka tu na kuacha alama. Ukungu pia huota kwa mabaka ya mviringo, una manyoya ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, na una harufu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea mkanda wa babu yake akiwa karibu kulia, nao haukuwa na ukungu hata kidogo. Ulihitaji kupanguswa kwa kitambaa kikavu, basi.

Kazi ya kwanza ni kupiga brashi, nayo hufanywa nje, mbali na nyumba na kamba za nguo. Ngoja siku isiyo na mvua, simama upepo ukikupiga mgongoni ili vumbi liende mbele yako, vaa barakoa, na tumia brashi laini ya viatu iliyo kavu. Ngozi isiloweshwe kabla ya kupigwa brashi, maana ukungu uliolowa hushikamana na kuzama katika vinyweleo. Piga polepole, kwanza mabega, kisha mikono, fungua kola na mifuko, pita katika kila mshono na nyuma ya zipu. Mimi siku ile nalifanya kazi hii barazani mwangu, kwa kuwa nje kulikuwa na manyunyu nami nikaona uvivu kungoja. Usiku wake mwanangu mdogo alikohoa mpaka alfajiri. Spora hizo huchokoza mapafu, na mwenye pumu asiikaribie kazi hii kabisa. Na amwombe mwenzake amfanyie. Ukimaliza, osha brashi kwa maji ya moto na sabuni, uianike juani.

Kazi ya pili ni kupangusa kwa spiriti. Nunua spiriti katika duka la dawa, changanya sehemu moja na sehemu moja ya maji safi. Kwanza jaribu mahali pasipoonekana, kama chini ya kola. Ngoja pakauke, uone kama rangi imetoka. Chovya kitambaa cheupe cha pamba, ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone, kisha pangusa eneo dogo dogo, ukigeuza upande wa kitambaa kila kinapochafuka. Usimimine spiriti juu ya ngozi. Jiko liwe mbali, na sigara vile vile, maana spiriti hushika moto mara moja. Kwenye kola ya koti la baba rangi nyeusi ilianza kutoka katika kitambaa, nikaiacha spiriti nikatumia siki nyeupe, nusu kwa nusu na maji. Siki ni asidi hafifu, na ngozi, kama tulivyokwisha kuona, ni rafiki wa asidi hafifu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe usiiguse: hula kolajeni yenyewe, na ikichanganyika na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Ngozi yenye manyoya mafupi kama mahameli isipakwe maji wala siki. Brashi kavu na raba ya kufutia penseli ndizo zake, pamoja na subira.

Baada ya kupangusa, tundika koti katika henga pana. Kama huna, viringisha taulo kuukuu katika henga nyembamba, ili mabega yasiteuke. Zipu iwe wazi, mifuko igeuzwe nje, na koti likae kivulini penye upepo siku mbili au tatu. Najua wengi watauliza juu ya jua. Jua kweli huua ukungu, lakini jua kali la mchana hukausha mafuta ya ngozi na kufifisha rangi. Nusu saa ya jua la asubuhi kwa upande wa bitana si vibaya. Jua la saa sita si kwa ngozi.

Siku ya nne ngozi ilikuwa safi, yang'aa, na uvundo uko pale pale. Hapo nalielewa kwamba unakaa katika bitana. Nalilipeleka koti kwa fundi cherehani, naye bila kufikiri sana akasema, "Mwalimu, toa bitana hii, nikutilie mpya kwa siku moja." Shauri lake lilikuwa sahihi, na kwa koti lolote jingine ningelifuata, nami nawashauri ninyi mlifuate. Lakini nilipomweleza mama alisema, "Bitana hiyo nalishona mimi, baba yenu akiwa amekaa pale ananishikia taa. Mkiitoa, bakini na koti lenu." Basi haikutolewa.

Nalilipindua koti ndani nje, nikapangusa bitana yote kwa ule mchanganyiko wa spiriti, kwapani mara tatu. Ilipokauka nalinyunyiza soda ya kuokea mikate juu ya kitambaa, nikaiacha usiku mmoja, nikaitoa kwa brashi. Angalieni: soda hiyo ni besi hafifu, kwa hiyo nalitia katika kitambaa kikavu peke yake, si katika ngozi. Magadi yasitiwe kabisa. Yana ukali zaidi. Uvundo ulipungua, labda kwa nusu.

Kilichomaliza kazi ni mkaa. Kipande cha mkaa ukikivunja na kukitazama kwa darubini ya maabara utaona kimejaa vitundu. Kuta za vitundu hivyo, zikikunjuliwa zote, zingekuwa na eneo kubwa ajabu, na chembe za gesi zipitapo hunata juu yake. Mkaa wetu wa jikoni hauna nguvu kama ule uliotengenezwa viwandani kwa kazi hiyo, lakini wapatikana. Nalichukua kasha la mbao, nikaweka chini kilo mbili hivi za mkaa mkavu usio na vumbi, nikaufunika kwa kipande cha chandarua kuukuu, juu yake nikaliweka koti likiwa limefunguka, halikukunjwa, nikafunga kasha siku saba. Siku ya nane nalilitoa likapigwa upepo mchana kutwa, nikatia mkaa mpya, nikafunga tena. Mkaa wa zamani haupotei, huenda jikoni. Nalifanya hivyo mara tatu. Kila Jumapili mama alikuja, akaniitikia shikamoo yangu, akaenda moja kwa moja kwenye kasha, akanusa ndani ya bitana. Jumapili ya kwanza alitikisa kichwa. Ya pili alisema, "Bado."

Nikingoja, nalilainisha ngozi. Spiriti huondoa mafuta, na ngozi isiyorudishiwa mafuta hupasuka viwikoni. Mama alipendekeza samli, na jirani yangu alisifu mafuta ya alizeti. Msipake hata kimoja. Mafuta ya kula huchacha, yaani huoza kwa kushikwa na hewa, na kabla hayajachacha huwa karamu ya ukungu, utakuwa umeupikia. Nalitumia dawa ya viatu isiyo na rangi, yenye nta, kidogo sana, nikaisugua kwa kitambaa laini mpaka mkono usiteleze tena. Kidogo mara mbili ni bora kuliko kingi mara moja.

Jumapili ya tatu mama alilitoa koti mwenyewe. Alikaa nalo mapajani kitambo. Mimi siku zile nalikuwa na hofu nisiyomwambia, kwamba pamoja na uvundo nimekwisha kuondoa na ile harufu ya dizeli na tumbaku tuliyoijua utotoni. Akasema, "Uvundo hakuna. Na yeye simsikii. Nasikia ngozi." Kisha akamwita mdogo wangu, akamvisha, akamfunga zipu mpaka kidevuni kama afungwavyo mtoto aendaye shule.

Nisiwadanganye kwamba habari imeishia hapo. Mwaka 2023 mdogo wangu alinyeshewa akibadili tairi karibu na Kitonga, na jioni yake uvundo ukarudi, mdogo lakini ule ule. Spora zilizolala katika bitana zilipata maji. Alinipigia simu. Nalimwambia alitundike penye upepo siku mbili, apanguse bitana kwa spiriti, asilisogeze karibu na injini ya gari. Likatulia. Nadhani itakuwa hivyo kila linapolowa sana, na bitana ingalikuwa mpya isingalikuwa hivyo. Hiyo ndiyo gharama ya kuibakiza, nasi twailipa.

Kuhusu kuhifadhi, mengi mmekwisha kuyatambua wenyewe. Nguo ya ngozi isiwekwe kabla ya kusafishwa jasho na kukauka. Isifungiwe katika plastiki. Vaa henga, kisha ifunike kwa shuka kuukuu la pamba au foronya iliyotobolewa juu, ili ipumue huku vumbi likizuiwa. Itundikwe ukuta wa ndani, si ule upigwao na mvua kwa nje, na isigusane na ukuta. Wenye masanduku ya bati bwenini, na ninyi ndio wengi, inueni sanduku juu ya matofali mawili, tandikeni magazeti makavu ndani, na siku ya jua moja kila wiki mbili liacheni wazi tangu asubuhi hata saa tisa. Vile vipakiti vidogo vya silika vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya msivitupe, hunywa unyevu. Wanywao si wa kuliwa, na watoto wasivichezee.

Tena si kila ngozi yafaa kuokolewa. Ile inayotoa unga mwekundu-kahawia ukiisugua, au inayochanika kama karatasi ya kufungia sukari, nyuzi zake zimekwisha kuoza, na hakuna spiriti wala mkaa uwezao kuzirudisha. Mpira wa ngozi wa timu yetu ya mwaka juzi ni wa namna hiyo, na namwomba nahodha asiniletee tena.

Vingine vyote leteni. Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, kuanzia saa tatu asubuhi, nitakuwa nyuma ya maabara, upande usio na kamba za nguo. Mwenye koti, mkoba, mkanda au kiatu kilichoota ukungu na aje na brashi yake laini, vitambaa viwili vyeupe na barakoa. Spiriti nitaitoa mimi. Mkaa mje nao. Siku hiyo ikiwa ya manyunyu, tutangoja Jumamosi ifuatayo.